Pasi ya Bibi wa Uru: namna ya kukokotoa ukinzani na nguvu ya umeme kutoka kwenye volti na ampea

Bibi mmoja kutoka Uru, huko juu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, alikuja kwenye kibanda changu cha ufundi hapa Moshi mjini, pasi yake ameifunga kwenye khanga kama mtoto.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hii ni pasi ya pili mwaka huu. Ya kwanza ilichoka, nikaitoa kwa wanunua vyuma. Hii nayo imechoka, na bado mpya."

"Inachoka saa ngapi, bibi?"

Akafikiri kidogo. "Jioni. Nikinyoosha sare za wajukuu, mikunjo haitoki. Asubuhi inanyoosha vizuri tu."

Niliichomeka hapo hapo, nikapima. Volti 226, ampea 4.3. Pasi nzima, haina kasoro yoyote. Ile ya kwanza aliyoitupa huenda nayo ilikuwa nzima. Ugonjwa ulikuwa nyumbani kwake, na nitakueleza mwishoni tuliukuta wapi, kwa sababu ulikuwa na hatari kuliko mikunjo ya sare. Kwanza nataka ujifunze hesabu yenyewe. Ni kugawanya na kuzidisha tu, kikokotoo cha simu kinatosha, na ukishaizoea hutabahatisha tena kuhusu kifaa chochote kinachotoa joto.

Maneno manne, na mfongo mmoja

Aliyekulia mlimani anaujua mfongo, ule mfereji unaochota maji ya mto huko juu na kuyaleta migombani. Maji yanatembea kwa sababu mfongo unaanzia mahali palipo juu kuliko shamba. Tofauti hiyo ya kimo ndiyo volteji, tunaipima kwa volti (V). Wingi wa maji yanayopita mahali pamoja kwa kila sekunde ndio mkondo, tunaupima kwa ampea (A), na kwenye kanuni huandikwa I. Wembamba wa mfongo, mawe na mizizi iliyoziba njia ndio ukinzani, R, unaopimwa kwa omu (Ω). Sasa chukua maji hayo uyaangushie gurudumu la kusaga. Kazi litakayofanya gurudumu kila sekunde inategemea kimo cha maporomoko na wingi wa maji, vyote viwili kwa pamoja. Hiyo ndiyo nguvu, P, nayo hupimwa kwa wati (W). Mitambo ya Bwawa la Nyumba ya Mungu, kusini mwa mji wetu, inafanya kazi kwa namna hiyo hiyo: maji yanashuka, megawati 8 zinatoka, sawa na mabirika 4,000 ya wati 2,000 yakichemka kwa pamoja.

Mfano wa mfongo una mpaka wake. Mfongo ukibomoka maji humwagika shambani kwa jirani. Waya ukikatika umeme haumwagiki, mkondo husimama njia nzima. Ndiyo maana mkondo unahitaji njia ya kwenda na ya kurudi, na nukta hii itatusaidia tukifika kwenye kupima.

Kanuni ni mbili:

R = V ÷ I
P = V × I

Ya kwanza ni ya Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyekuwa mwalimu wa sekondari, aliyeichapisha mwaka 1827. Kwa kuziunganisha hizi mbili unapata nyingine mbili ambazo mafundi tunazitumia kila siku:

P = I × I × R
P = V × V ÷ R

Usizikariri zote nne. Shika mbili za juu, hizi za chini zitakuja zenyewe ukihitaji. Lakini ziangalie vizuri: kwenye ya tatu ampea imezidishwa kwa yenyewe, na kwenye ya nne volti imezidishwa kwa yenyewe. Karibu kila ajali ya joto niliyoiona kwenye nyumba za watu inaanzia kwenye hiyo "kwa yenyewe".

Anza na betri ya pikipiki, usianze na soketi

Wanafunzi wangu wote huanzia hapa. Tafuta betri ya pikipiki ya volti 12, balbu ya taa ya mbele ya aina ya waya mwembamba ndani (siyo ya LED), vipande vitatu vya waya na multimita, ile mita ndogo ya mkononi inayopima volti, ampea na omu.

Kabla ya kuunganisha chochote, weka multimita kwenye alama ya Ω, gusanisha ncha zake mbili uone inasoma nini. Yangu husoma 0.2. Huo ni ukinzani wa nyaya za mita yenyewe, na utautoa kwenye kila kipimo kidogo. Sasa pima balbu ikiwa baridi. Mimi nilipata 0.6, nikatoa 0.2, ikabaki omu 0.4. Andika.

Pili, unganisha balbu na betri, iwake. Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa betri), gusisha ncha kwenye miguu miwili ya balbu. Nilisoma volti 12.2.

Tatu, na hapa ndipo watu huunguza mita: kupima ampea, mita lazima iingie ndani ya njia. Ya volti husimama pembeni ikichungulia. Ya ampea hukatiza njia na mkondo wote hupita tumboni mwake. Kwa hiyo ng'oa waya mmoja wa balbu, hamisha ncha nyekundu ya mita kwenye tundu lililoandikwa 10A, kisha mita izibe pengo: kutoka betri kwenda mita, kutoka mita kwenda balbu. Nilisoma ampea 2.8.

Hesabu:

R = 12.2 ÷ 2.8 = omu 4.36
P = 12.2 × 2.8 = wati 34.2

Balbu imeandikwa 12V 35W, kwa hiyo tuko sawa. Lakini rudi kwenye daftari. Ulipoipima baridi ilikuwa omu 0.4, na sasa inawaka ni 4.36, zaidi ya mara kumi. Mita haijakosea. Waya ule mwembamba wa tangsteni ukipata moto mkali, ukinzani wake hupanda. Ungetumia ile 0.4 kukokotoa mkondo ungepata 12.2 ÷ 0.4, ampea 30 na zaidi, na kweli balbu hunywa mkondo mkubwa namna hiyo kwa kufumba na kufumbua unapoiwasha. Ndiyo maana balbu za zamani zilipenda kuungua wakati wa kubonyeza swichi.

Hivyo ukinzani wa kweli wa kifaa ni ule unaoupata kikiwa kazini, kutoka kwenye volti na ampea zilizopimwa wakati mmoja. Koili ya pasi, birika au jiko la umeme haibadiliki hivyo. Imetengenezwa kwa nikromu, ambayo ikipata moto ukinzani wake hupanda kidogo tu. Koili unaweza kuipima baridi ukakaribia ukweli.

Ukimaliza, rudisha ncha nyekundu kwenye tundu la volti. Rudisha sasa hivi, kabla hujanyanyuka. Mita iliyoachwa kwenye 10A ukaichomeka kwenye soketi ya nyumbani inakuwa waya mtupu kati ya waya wa moto (unaoleta umeme) na nyutro (wa kurudi), na nimeona mkono wa mtu uliopata jeraha la moto kwa kosa hilo.

Umeme wa nyumbani: usikate waya, zungushia

Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230, na unaua. Kupima volti kwenye soketi kwa multimita nzuri, yenye nyaya zisizochubuka, kunawezekana kwa mtu makini. Kupima ampea kwa kukata njia kama tulivyofanya kwenye betri, hapana. Mafundi tunatumia klampu mita, ile yenye taya zinazofunguka kama koleo na kuuzungukia waya bila kuugusa.

Taya zizungukie waya mmoja tu. Ukizungushia kebo nzima ya pasi, yenye waya wa kwenda na wa kurudi pamoja, mita itasoma sifuri, kwa sababu mikondo miwili inayokwenda pande tofauti inafutana. Vijana wengi wamerudisha klampu dukani wakidhani mbovu. Mimi nina ekstensheni fupi niliyoifumua ganda la nje katikati, nyaya za ndani zikiwa na maganda yake kamili, ili niweze kuzungushia waya mmoja. Kifaa kinachomekwa hapo, basi.

Huna klampu? Mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, inaweza kukusaidia, na njia hii naipenda kwa sababu haikugusishi waya wowote. Kwenye uso wa mita nyingi kuna taa ndogo inayomulika na kuzima, na pembeni yake pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba taa ikimulika mara 1,000 umekula uniti moja (kWh). Jouli ni kipimo cha nishati, na wati moja ni jouli moja kwa kila sekunde. Uniti moja ni jouli 3,600,000, hivyo kila mmuliko ni jouli 3,600. (Kama mita yako imeandikwa 1600, gawanya 3,600,000 kwa 1,600, utapata 2,250.) Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji likiwemo, hata chaja ya simu. Washa pasi peke yake, hakikisha kataa kake kekundu kanawaka, maana pasi ikishapata moto hujikata yenyewe. Taa ya mita ikimulika anza saa ya simu na uhesabu "sifuri", ikimulika tena "moja", mpaka kumi. Kwa pasi ya bibi, kumi zilichukua sekunde 37.

10 × 3,600 = jouli 36,000
36,000 ÷ 37 = wati 973

Na kwa klampu:

P = 226 × 4.3 = wati 972
R = 226 ÷ 4.3 = omu 52.6

Njia mbili tofauti kabisa, jibu moja. Nilimwonyesha bibi namba hizo mbili na akazielewa mara moja. "Kwa hiyo haijachoka," akasema.

Wati zilizoandikwa ni za volti zilizoandikwa

Geuza kifaa chochote uone lebo. Pasi ile imeandikwa 1000W kwa 230V. Watu huishika ile 1000 kama kwamba ni uzito wa mtu, kitu anachotembea nacho popote. Sivyo. Kifaa cha koili kinachotembea nacho ni ukinzani. Wati huja kutokana na volti zitakazokikuta.

Kupata ukinzani kutoka kwenye lebo, geuza kanuni ya nne:

R = V × V ÷ P = 230 × 230 ÷ 1,000 = omu 52.9

Tulipima 52.6. Pasi na lebo yake zinasema ukweli.

Sasa twende Kiboriloni, kwenye mitumba. Mle kuna vyombo vizuri vya umeme kutoka nje, na siwakatazi watu kununua. Lakini vya Marekani hutengenezwa kwa volti 120. Tuseme umepata birika zuri lililoandikwa 120V 900W, ukamtafuta fundi akubadilishie plagi. Kokotoa kwanza:

R = 120 × 120 ÷ 900 = omu 16

Lipeleke kwenye volti 230:

I = 230 ÷ 16 = ampea 14.4
P = 230 × 14.4 = wati 3,300 na kitu

Birika lililoundwa kubeba wati 900 linapewa mara tatu na nusu na zaidi, ingawa volti hazijafika hata mara mbili. Hapo ndipo "volti kwa yenyewe" inapouma. Koili itaungua kwa dakika chache ukiwa na bahati. Ukikosa bahati itaungua pamoja na kitu kingine. Kubadilisha plagi hakubadilishi volti. Kama lebo inasoma 100-240V, kama zilivyo chaja nyingi za simu na kompyuta, chomeka bila wasiwasi.

Moto mdogo wa jioni

Hali ya bibi ni kinyume cha hiyo. Vijiji vya mlimani vilivyo mbali na transfoma hupata moto mdogo jioni, yaani volti pungufu, kila nyumba inapowasha kwa wakati mmoja. Nilipokwenda kwake Uru saa moja usiku, soketi ya chumbani, pasi ikiwa imewashwa, ilisoma volti 195. Klampu ikasoma 3.7.

R = 195 ÷ 3.7 = omu 52.7
P = 195 × 3.7 = wati 722

Ukinzani ni ule ule tulioupima mjini. Nguvu imeshuka kutoka 972 hadi 722. Volti zimepungua kwa asilimia 14 tu na nguvu kwa asilimia 26, kwa sababu volti zikishuka zinaburuza na ampea pamoja nazo. Mikunjo ya sare ilikuwa inaona tofauti hiyo.

Jirani yake aliyekuwa anatutazama akauliza kama moto mdogo si nafuu, maana uniti zinakwenda polepole. Swali zuri, na wengi wanaamini hivyo. Chukua lita moja na nusu ya maji ya nyuzi 20. Kule juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, tuseme 95. Kila lita inahitaji kama jouli 4,200 kwa kila nyuzi moja:

1.5 × 4,200 × 75 = jouli 472,500

Hizo ni uniti 0.13, na chai haitaiva bila hizo hata volti ziweje. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linazitoa kwa sekunde 236, karibu dakika nne. Kwenye volti 195 linabaki na wati 1,440 hivi, linahitaji dakika tano na nusu. Uniti ni zile zile, na kwa kweli zinazidi kidogo, kwa sababu birika linakaa muda mrefu zaidi likipoteza joto pembeni.

Vifaa vya mota: hesabu hii haitoshi

Pampu, friji, feni na mashine ya kusaga usizikokotoe hivi hivi. Ndani yake kuna koili za sumaku, na volti na ampea hazipandi na kushuka kwa pamoja. Pampu inayosoma volti 230 na ampea 4 haikupi wati 920. Tafuta kwenye lebo alama cos φ, yaani sehemu ya volti mara ampea inayofanya kazi kweli, mfano 0.8, uzidishe: 230 × 4 × 0.8 = wati 736. Wala usipime waya wa mota kwa omu ukatarajia kupata ampea zake. Utapata omu chache sana, na hesabu itakuambia mota inakula ampea nyingi kuliko inazokula. Ni wakati inapoanza kuwaka tu, ule mvuto wa mwanzo, ndipo hukaribia huko. Taa za LED na chaja nazo zisome wati kwenye lebo, uachane na omu.

Kutoka wati kwenda waya na breka

Hapa gawanya tu: I = P ÷ V. Hita ya kuogea ya wati 5,400 ni 5,400 ÷ 230, ampea 23.5. Hiyo inataka laini yake yenyewe kutoka meni swichi (swichi kuu ya nyumba), waya wa milimita 6 za mraba na breka ya ampea 32, isichomekwe kwenye soketi. Plagi yetu ya miguu mitatu mwisho wake ni ampea 13, yaani wati 2,990, na kwa kifaa cha saa nyingi nisingependa ifike hapo.

Saluni ndizo zinanitia hofu. Dada mmoja pale Majengo alikuwa na ekstensheni moja yenye drayer ya kofia ya wati 1,000, drayer ya mkono 1,800 na birika 2,000. Jumla 4,800. Gawanya kwa 230 ni ampea 20.9, zote zinapita kwenye plagi moja ya 13. "Mbona fyuzi haikatiki, fundi?" aliniuliza. Kwa sababu fyuzi ya 13 haikatiki papo hapo ikipitishwa ampea 20. Inaweza kuvumilia muda mrefu, huku plastiki ikibadilika rangi taratibu. Nilimwomba aing'oe plagi na kuishika miguu yake. Aliiachia mara moja.

Ekstensheni ndefu ina ukinzani wake pia. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una omu 0.0172 kwa kila mita. Ekstensheni ya mita 20 ni mita 40 za waya, kwenda na kurudi, hivyo omu 0.69. Ampea 8.5 za birika zikipita humo, 8.5 × 8.5 × 0.69 ni wati 50 zinazobaki ndani ya waya. Ukiutandaza sakafuni hutazihisi. Ukiuacha umeviringishwa, wati 50 zote zinakaa kwenye furushi moja.

Tulichokikuta Uru

Sasa kile nilichoahidi. Sehemu hii ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, kwa sababu unapima boksi likiwa wazi na umeme ukiwemo. Wewe isome ujue cha kumwomba afanye. Na sili ya mita haiguswi na yeyote kati yetu.

Pasi ikiwa imezimwa, volti kwenye meni swichi zilikuwa 201, na kwenye soketi ya chumbani 201. Hapo hakuna mkondo, hivyo hakuna kinachopotea njiani, na mafundi wengi huishia hapo na kusema waya ni mzima. Washa mzigo ndipo upime. Pasi ikiwa inakula ampea 3.7, meni swichi ikasoma 199, soketi ikasoma 195.

Volti 2 zimepotea nje, kati ya transfoma na nyumba. Volti 4 zimepotea ndani, kati ya meni swichi na chumba kimoja. Kanuni ya Ohm inafanya kazi kwenye kipande chochote cha njia, alimradi uchukue volti zilizopotea kwenye kipande hicho:

R = 4 ÷ 3.7 = omu 1.08

Je, ni nyingi? Kutoka boksi mpaka soketi ni mita 12, waya wa milimita 2.5 za mraba, na waya ukinenepa mara 2.5 ukinzani hugawanyika kwa 2.5. Kwenda na kurudi mita 24:

24 × 0.0172 ÷ 2.5 = omu 0.17

Waya mzima ungekuwa na 0.17, na sisi tumepata 1.08. Kuna omu 0.91 zilizojificha mahali, na omu hazijifichi bila kutoa joto. Pasi ikiwaka, 3.7 × 3.7 × 0.91 ni wati 12. Bibi alikuwa pia na birika la wati 2,000 alilolichomeka kwenye soketi hiyo hiyo asubuhi na jioni. Hilo kwa volti zile hula kama ampea 7.2:

7.2 × 7.2 × 0.91 = wati 47

Mafundi redio wana kile chuma cha kuyeyushia risasi, na cha kawaida ni wati 40. Mahali fulani kwenye dari ya mbao ya bibi palikuwa na chuma kama hicho kikiwashwa mara mbili kwa siku, na hakuna aliyekijua.

Nilizima meni swichi, nikahakikisha kwa testa na kwa mita kwamba moto haupo, nikapanda darini na tochi. Boksi la maungio la kwanza lilikuwa safi. La pili, juu ya korido, nilinusa kabla sijalifungua. Mtu alikuwa amezisokota nyaya mbili kwa vidole na kuzifunga tepu nyeusi, bila konekta. Tepu ilikuwa imekauka na kupasuka kama ganda la ndizi lililoachwa juani. Chini yake shaba ilikuwa nyeusi, na plastiki ya waya imerudi nyuma kiasi cha kucha ya kidole gumba. Ubao uliokuwa umegusana na boksi ulikuwa na duara la rangi ya kahawa.

Nilikata nyaya mpaka nikaipata shaba inayong'aa, nikafunga konekta za skrubu, nikakaza, nikavuta kila waya kwa mkono kuhakikisha hautoki. Boksi jipya, mfuniko juu. Nikarudi kupima na pasi ikiwa inawaka: meni swichi 199, soketi 198 na kitu, ampea 3.75.

P = 198 × 3.75 = wati 743

Pasi iliongezeka wati 21 tu. Sikumdanganya bibi kwamba nimeiponya; volti 201 za jioni zinakuja hivyo kutoka kwenye laini, na hazirekebishwi ndani ya nyumba yake. Alinisikiliza, akasema basi sare atazinyoosha Jumamosi asubuhi, na birika ataendelea kulichemsha saa yoyote.

Kabla ya kushuka mjini nilimwandikia namba hizi kwa kalamu ya wino ndani ya mlango wa boksi la meni swichi, pamoja na tarehe: bila mzigo 201 na 201, na pasi, ampea 3.75, 199 na 198. Fundi atakayekuja baada yangu aanze kwa kuzipima tena, na pengo kati ya zile mbili za mwisho likiwa limepanda, apande darini.